Moshi wa Hesabu

Mhadhara mbele ya wakazi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji

Mwidiwe! Walioitikia ni wa mbele tu. Mwidiwe tena, nanyi wa nyuma mliogombania dirisha. Wazee wangu, shikamooni. Waheshimiwa madiwani, asanteni kwa kunikaribisha.

Kabla sijaanza: nani ameiona milima ya Kongo leo? Hakuna. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake sisi wa Kibirizi tunaihesabu hata mikunjo yake ng'ambo ya ziwa. Kiangazi kikishika, inafutika kabisa. Sehemu kubwa ya utando ule ni vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, huku kwetu na kule kwao. Moshi wa magari ni sehemu ndogo, sitawadanganya. Ila ule wa nyasi umetandaa juu ya ziwa, na huu wa stendi mama muuza mihogo anauvuta kwa karibu kutwa nzima. Masizi ya dizeli yana chembe ambazo upana wake haufiki sehemu 2.5 za elfu moja za milimita. Unywele wako ni mnene kuzishinda zaidi ya mara ishirini. Pua haizizuii, kikohozi hakizitoi. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu.

Sasa twendeni Mwanga, hapahapa mjini kwetu. Jumanne nilikaa kwenye kibanda cha chai, mbele yangu hiace inapakia ya Ujiji. Injini inaunguruma. Kondakta anapiga bodi: "Ujiji, Ujiji, mmoja tu twende!" Huyo mmoja nilimsikia tangu chai ikiwa ya moto hadi nikaagiza kikombe cha pili. Ndani kuna mama amepakata ndoo ya mawese, jasho linamtiririka. Kila mara gari linasogea hatua mbili, walio nje wadhani linaondoka, halafu linarudi nyuma palepale, bomba limeelekea meza ya mihogo. Nikamuuliza dereva, kaka, kwa nini usizime? Akasema: "Mzee, gari likinyamaza abiria anajua hatuondoki." Kisha akanihesabia kwa vidole: hesabu ya tajiri, yaani fedha ileile ya kila siku anayompelekea mwenye gari; mafuta; ushuru wa stendi. Kidole kilichobaki ndicho chake na kondakta wake.

Yule kijana si mkorofi. Hata ukimpa gari jipya, ataliacha linaunguruma vilevile, maana hesabu ya tajiri haijui kama gari lilijaa au halikujaa.

Kule Bogotá, nchini Kolombia, walikuwa na wenzake wengi. Madereva waligombania abiria kichwa kwa kichwa mpaka watu wakaubandika mtindo ule jina la "vita vya senti". Desemba 2000, chini ya meya Enrique Peñalosa, yakaanza mabasi ya TransMilenio yenye njia zake peke yake. Wageni hupiga picha zile njia na vile vituo. Mimi kilichonivutia hakipigiki picha: kampuni za mabasi zililipwa hasa kwa kilomita ambazo basi limetembea kufuata ratiba. Dereva akawa hana sababu ya kusubiri mtu wala ya kufukuzana na mwenzake.

London nao wana historia ndefu ya moshi. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji siku tano. Makadirio ya mwanzo yalikuwa vifo 4,000, watafiti wa baadaye wakafika 12,000. Sheria ya hewa safi ikapitishwa 1956. Lakini naomba waheshimiwa madiwani mwandike huu mwaka mwingine: 2003. Februari ile meya Ken Livingstone alianza kutoza pauni 5 kwa gari linaloingia katikati ya mji. Siku hiyohiyo mabasi 300 ya ziada yakaingia barabarani, na sheria ikaagiza mapato yarudi kwenye usafiri. Tozo na basi vilifika pamoja. Kwetu tozo hutangulia, na basi huja baadaye kama mgeni aliyepotea njia.

Hapa nyumbani tunao mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni. Njia ni nzuri sana. Mabasi hayakutosha, na msongamano wa vituoni kila mmoja wenu ameusikia. Njia isiyo na mabasi ya kutosha inageuka kiwanja cha bodaboda.

Sisi hatuhitaji zege la Kimara. Nashauri njia moja tu, Kigoma mjini hadi Ujiji, ijaribiwe miezi sita. Wamiliki kumi waunde ushirika. Gari liondoke kila robo saa, lijae lisijae. Nauli ziingie chungu kimoja, dereva na kondakta walipwe kwa safari. Leseni na nauli ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, stendi iko mikononi mwenu, kwa hiyo kaeni meza moja. Na tusifichane: saa nane mchana magari yatakwenda nusu tupu. Hasara hiyo lazima abebe mtu, na mimi napendekeza ianze kubebwa na ushuru wa stendi mnaoukusanya kila siku.

Bodaboda, msininunie. Hiace haipandi kila kilima cha mji huu, kwa hiyo kazi mtaendelea kuwa nayo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Swali la kwanza nampa yule kondakta wa nyuma, aliyecheka nilipoigiza "mmoja tu twende". Karibu, mwanangu. Anza kwa kutuambia hesabu yenu ya siku ni shilingi ngapi, waheshimiwa waandike.