Weka Tochi Chini

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mliotoka Uyole, Mbalizi na Chimala, asanteni kwa kuja. Kanuni za besiboli mlizipata jana na sitazirudia. Mimi nina jambo moja: jinsi tunavyomchagua mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Nililisema Iringa, nikalisema Njombe, na leo nalileta Mbeya kwa sababu bado halijasikika.

Kila ninapoitwa kumtazama kijana mrushaji, wito ni ule ule: "Mwalimu njoo umwone, ana kasi huyo!" Hakuna aliyewahi kunipigia simu akasema, "Njoo umwone, anarusha pale pale anapoambiwa." Na siku hizi kuna hicho kipima kasi, ndugu wa tochi ya trafiki mnayokutana nayo barabara ya Tanzam. Kikishatolewa kwenye begi, mazoezi yamekufa. Kijana anatazama namba, hamtazami tena mdakaji wake. Anauma meno, anajinyonga mgongo, anautupa mpira kwa nguvu za ukoo mzima, halafu anageuka kuuliza, "Ngapi?" Mpira umeenda wapi? Umegonga uzio. Lakini watu wanashangilia!

Ngoja niwaeleze habari za Steve Dalkowski, na aliyewahi kuisikia kwangu anivumilie. Alikuwa Mmarekani, mkono wa kushoto, aliyesajiliwa na Baltimore Orioles, timu ya ligi kuu ya huko, mwaka 1957. Waliosimama mbele yake na gongo walisema hawajaona mpira wa kasi kama ule maishani mwao. Mwaka 1960 akiichezea timu ya Stockton, ligi ya chini, alirusha zamu 170, na zamu moja huisha wapinzani watatu wakishatolewa. Katika zamu hizo aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri mitatu waliyoshindwa kuipiga. Wapigaji 262! Na je, ni wangapi aliowaachia watembee bure hadi besi ya kwanza kwa sababu mipira yake ilikwenda nje? Ni 262. Namba ile ile. Mkono mmoja ulijenga na kubomoa kwa kipimo sawa.

Hapo huwa kuna mwalimu ananyoosha kidole: "Lakini kasi mtu huzaliwa nayo, shabaha hufundishwa. Si bora nimchukue mwenye kasi nimfundishe shabaha?" Nakubali nusu. Kasi ni kipaji, na sijasema tuwatupe wenye kasi. Lakini uliza ilifundishwaje kwa huyo huyo Dalkowski. Mwaka 1962 alikutana na kocha Earl Weaver kwenye timu ya Elmira, nayo ya ligi ya chini, ambaye alimpunguzia mambo: arushe mpira wa kasi na mmoja mwingine tu, na apunguze nguvu ili mpira uingie. Msimu huo, katika zamu 160, waliotembea bure walishuka hadi 114, na bado aliwatoa 192. Kumbe dawa ilikuwa kupunguza! Mwaka uliofuata, akiwa mlangoni kabisa mwa ligi kuu, kiwiko kikamuuma. Ligi kuu hakuicheza hata siku moja.

Sasa mimi nikifika uwanjani kwenu nafanya hivi. Nasimika vijiti viwili nyuma ya kisahani, pale chini anapopigia mpigaji, upana wa sentimita 43, nafunga kamba moja usawa wa magoti ya mpigaji na nyingine usawa wa kifua. Hilo ndilo dirisha, mpira upite humo. Kijana apashe mwili moto, kisha arushe mirusho 40 kwa mwendo wake wa kawaida. Mimi nina daftari. Kumi ya kwanza naandika tu. Kumi ya mwisho ndiyo ninayoitazama, kwa sababu hapo mwili umechoka na uongo umekwisha. Je, kiwiko kimeanza kushuka chini ya bega? Mguu wa mbele bado unatua pale pale ulipotua mwanzo, au unatangatanga? Mipira imeanza kupaa juu ya kamba ya kifua? Mrushaji aliyechoka huuachia mpira mapema, nao hupaa. Kijana ambaye kumi yake ya mwisho inafanana na kumi ya kwanza, niiteni hata usiku, nitapanda basi.

Kwa nini nakazania uchovu? Miaka mingi iliyopita nilimpata kijana wa Usangu. Tangu ana miaka saba alikuwa akiamia ndege kwenye mpunga wa baba yake, asubuhi hadi jioni, anawarushia kweleakwelea madonge ya udongo na mawe ya kombeo. Mnajua mkono wa mtoto aliyekulia kwenye mpunga unavyokuwa. Siku ya kwanza alipoushika mpira, mdakaji alivua glovu akapuliza kiganja. Nami nikafanya yale yale ninayowakataza leo. Nilimpanga Jumamosi, nikampanga Jumapili, na Jumamosi iliyofuata tena. Sikuhesabu. Nilipomwona anakishika kiwiko nilimuuliza, akasema, "Ni uchovu tu, mwalimu." Mtoto wa kwetu atakujibu nini kingine? Amefundishwa kwamba kulalamika ni udhaifu, na mbele yake amesimama mtu mzima anayetaka ushindi.

Siku hizi anaendesha bodaboda. Akinyoosha mkono kunirudishia chenji, kiwiko hakifiki mwisho. Huwa nasema, "Baki nayo," naye hucheka. Mimi sicheki.

Kwa hiyo mzazi asiniambie kwamba nawadekeza watoto. Mfupa wa kijana wa miaka 13 bado unakua, na karibu na kiwiko kuna sehemu laini kama gegedu ambayo msuli uliochoka huivuta ikaachana. Kwa wakubwa huchanika kano ya ndani ya kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimtengenezea Tommy John, mrushaji wa ligi kuu ya Marekani, kano hiyo kwa kuhamisha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, naye akarudi akashinda mechi 164 zaidi. Watu wakisikia hivyo wanadhani kiwiko ni kama pancha. Nani hapa Mbeya atamlipia mtoto wako upasuaji huo? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulikuta kwamba vijana waliozoea kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano wa kufanyiwa upasuaji mara 36 ya wenzao. Thelathini na sita!

Na wapo watakaosema, "Mbona Wajapani, waliotuletea mchezo huu Tanzania, wanarusha sana?" Ni kweli. Mwaka 2013 kijana wa miaka 16, Tomohiro Anraku, alirusha mirusho 772 katika Koshien ya majira ya kuchipua, mashindano ya shule za sekondari za Japani. Lakini malizia habari: mwaka 2020 Wajapani wenyewe waliweka ukomo, mirusho 500 kwa wiki kwa wanafunzi wa sekondari. Hata hiyo mimi naiona mingi. Nashika mwongozo wa Wamarekani wa mwaka 2014: miaka 13 hadi 16, mirusho 95 kwa siku ndiyo mwisho; wa miaka 13 na 14 aliyepita 65, na wa miaka 15 na 16 aliyepita 75, apumzike siku nne. Andikeni. Naona wengine hawaandiki.

Umri. Mnajua habari za vijeba, wale waliozidi umri, kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, sina haja ya kuwasha moto hapa. Kijana mwenye ndevu anayewatisha wa miaka 14 hanionyeshi kesho yake, ananionyesha kwamba amekwisha kukua. Mtazameni yule mrefu, mwembamba, mwenye viganja na miguu iliyomzidi, ambaye kasi yake leo haimtishi mtu lakini mpira unapita dirishani. Mulizeni mama yake wajomba wana urefu gani.

Mabinti pia. Nendeni mkatazame rede shuleni kwenu wakati wa mapumziko. Binti anayempata mwenzake katikati huku anaruka na kukwepa ana shabaha ambayo wavulana wengi hapa hawana, na hakuna aliyewahi kumwita aje kushika mpira wa softiboli, mchezo ndugu wa besiboli.

Kuhusu mpira wa kupinda, muda umenibana. Msiwafundishe wadogo, basi. Ila kwa wakubwa kumbukeni kwamba tuko juu, yapata mita 1,700, zaidi hata ya Denver, na hewa nyepesi haiushiki mpira, kwa hiyo haupindi sana. Kijana wenu anayeonekana wa kawaida hapa, mpelekeni Dar es Salaam, chini usawa wa bahari, kabla ya kumwondoa kikosini.

Mpira wa kuzuga, ule wa polepole unaojifanya wa kasi, nauacha, naona mwenyekiti anatazama saa. Tutoke nje. Kuna vijana watatu wanapasha mwili, vijiti nimeshasimika. Kila mmoja achukue daftari, asimame upande wa mkono unaorusha ili akione kiwiko, na kipima kasi kibaki kwenye begi.