Bunduki Inakupiga Teke? Tuanze na Bega

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo nipo uwanja wa shabaha huku Marekani, na mezani nimelaza bunduki ya .30-06. Risasi hii ipo tangu 1906, na kwa teke inajulikana. Ukipiga kumi bega linalalamika, ukifika ya ishirini unafumba macho kabla haijalia. Bega litapona. Kufumba macho ndiko kunakoharibu shabaha.

Miwani na vizuia sauti vya masikioni kwanza. Bolti, yaani kifunga cha nyuma ya mtutu, iwe wazi, na chemba, pale risasi inapokaa, iwe tupu: naangalia, halafu naingiza kidole kuhakikisha.

Sasa tazama kitako. Nimekivalisha mpira mnene, wa bei ndogo tu. Uzito nao unasaidia: bunduki ya kilo 3 ukiiongezea nusu kilo, risasi ikiwa ileile, nguvu ya teke inapungua karibu sehemu moja kati ya saba. Kifaa cha kufunga mdomoni mwa mtutu kinapunguza zaidi, lakini kelele yake inamwendea jirani yako wa pembeni, na hatakushukuru.

Kaa wima, usilalie meza. Kitako kiingie kwenye kishimo cha bega, kisiguse mfupa, ukivute kwako kiasi. Ukikiachia nafasi, kitakuja kwa kasi na kukugonga kama ngumi. Jicho liwe mbali na darubini, nyingi zinataka kama sentimita 9. Mwenye kovu la mviringo juu ya nyusi anajua ninachosema.

Risasi zenyewe: nunua zilizotengenezwa kiwandani kwa teke dogo. Kampuni ya Hornady wanazo, zinaitwa Custom Lite. Najua wapo wanaojaza maganda wenyewe nyumbani, na mtaniuliza kwa nini nisipunguze baruti tu. Kwa sababu baruti ikipungua ovyo, kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka usoni mwako. Kazi hiyo inataka kitabu cha vipimo na mtu wa kukusimamia, si video ya dakika tano.

Sasa jaribio ninalolipenda. Mwenzangu ananijazia bunduki, mara risasi ya kweli, mara ya bandia isiyo na baruti, mimi sioni. Nalenga, nabonyeza taratibu... umeona? Imelia "tik" tu, lakini mtutu umeinama. Hiyo ni hofu yangu, bunduki haina kosa. Nitarudia mpaka mtutu utulie, na mkono ukichoka nitahamia bunduki ndogo ya .22, ambayo teke lake hulisikii.

Jambo la mwisho, darubini. Risasi hizi za teke dogo hupiga mahali pengine, mara nyingi chini ya pale ulipozoea. Piga tatu mita 50, tafuta katikati ya matundu, ndipo ugeuze vifundo vya darubini. Tundu moja halikuambii kitu.