Mwapita Galana mbio, mwakwenda wapi?

Asalaam aleykum, na wa Bwana asifiwe nawasalimu pia. Madereva na maguide mnaopeleka wageni mbuga ya Tsavo East, wanaonijua washaanza kucheka, wajua nitasema nini, na nitasema mpaka mchoke: mwacheni simba!

Gari yatoka Malindi usiku usiku, kilomita mia na kitu mpaka geti la Sala la kuingilia mbugani, saa kumi na mbili lafunguliwa. Mgeni hata macho hajafikicha, dereva kashabana simu kwa bega, "wako wapi? wako wapi?" Akiambiwa simba yuko bwawa la Aruba, kule upande wa Voi, basi mguu chini, vumbi jekundu, ile kilomita 40 kwa saa ya KWS, wenye mbuga, yabaki kwenye kibao. Juzi nilipanda gari ya hivyo, nimekaa nyuma na mama mmoja Mtaliano. Kando ya njia swala twiga, amesimama wima kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameiacha yaning'inia, shingo kaiingiza ndani ya kichaka achuma kijani kimoja kimoja katikati ya miiba, wala hana habari na sisi. Mama akapiga kelele tusimame, dereva amjibu dopo, dopo signora, yaani baadaye mama, simba kwanza. Kufika Aruba magari yamebanana kama steji ya matatu siku ya Idi, na simba mwenyewe ni mkia tu kichakani.

Najua kuna mtu pale nyuma ataniambia mzee, kastoma kalipa aone simba, asipomuona hakuna tipu. Sawa, lakini aliyemuahidi ni nani? Si sisi? Pale ufuoni tumebandika picha ya simba na manyoya tele ya shingo, na madume wengi wa Tsavo hawana hayo au wana kidogo tu, mgeni akiletewa dume adhani ni jike, aona katapeliwa. Ungemweleza mapema ungepata tipu yako na chai juu.

Na huo mto mnaoupita mbio mbugani, Galana, si ndio Sabaki wetu unaomwagika baharini hapa Malindi? Mvua zikinyesha bara bahari yetu yageuka rangi, wageni walalamika hotelini ati bahari chafu, kumbe ni udongo umeletwa na maji yale yale ndovu waliyooga. Mwambie hivyo halafu mpeleke akaone! Ukishaingia geti mto uko hapo hapo. Zima injini. Mamba wapo, viboko wapo, ndovu wamejipaka udongo mpaka wamekuwa wekundu, na ukiupanda mto, ng'ambo ni Yatta, uwanda wa juu wa lava ya volkano iliyoganda, urefu wake karibu kilomita 300, haya nani humu ashawahi kumuonyesha mgeni Yatta? Kimya. Mwaona?

Nilitaka niwazungumzie Wasanya waliokuwa wakiwinda kule na pinde zao kabla haijafanywa mbuga 1948, lakini mwenyekiti ashanionyesha saa, basi siku nyingine. Mgeni wa nusu siku msimburure Tsavo, msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo Gede. Na chupa za plastiki za kutupa ni marufuku mbugani tangu Juni 2020, bado naziona chini ya viti vyenu, mkishikwa getini msinipigie simu mimi. Maswali?