Mkate Mtamu wa Siagi ya Karanga, Bila Hamira wala Mayai

Karibuni, watazamaji wetu. Leo tunaoka mkate mtamu wa siagi ya karanga, ambao haukandwi, hauumuliwi na hauhitaji yai hata moja. Mikate ya namna hii ilikuwa ikiokwa huko Marekani na Kanada katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani ya karanga hufanya kazi ya siagi ya maziwa ambayo wengi hawakuweza kuinunua.

Mezani hapa tuna vikombe 2 vya unga wa ngano mweupe, sawa na gramu 250, nusu kikombe cha sukari, vijiko 4 vya chai vya bekingi pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, maziwa kikombe 1 na theluthi, pamoja na nusu kikombe cha siagi ya karanga. Ikiwa siagi yenu ya dukani imekwisha kutiwa sukari, punguzeni vijiko viwili vikubwa katika sukari ya mkate. Bekingi pauda isipimwe kwa kukisia, kwani ikizidi huacha ladha chungu, na ikipungua mkate hubaki umelala.

Mimi hupenda kusaga karanga zangu mwenyewe. Huzikaanga kwa moto mdogo hadi zinukie, nikazifikicha na kuzipepeta kwenye ungo ili maganda yatoke, kisha nikazisaga kwa blenda mpaka zitoe mafuta na kulainika kabisa. Kabla ya kukaanga, chagueni karanga moja moja na mtupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haimalizwi kwa kukaangwa wala kuokwa.

Kwanza washeni oveni kwa nyuzi 170 za Selsiasi, kisha pakeni mafuta chombo cha mstatili cha kuokea mkate na kukinyunyizia unga kidogo. Chekecheni unga pamoja na bekingi pauda na chumvi katika bakuli kubwa, halafu mtie sukari na kuchanganya.

Sasa tazameni kwa makini, maana hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Wapo wanaomimina maziwa kwenye unga kwanza na kutia siagi ya karanga mwishoni, lakini siagi hiyo ni nzito na hushikana mabonge, hivyo mpishi hulazimika kukoroga muda mrefu ili kuyavunja, na kadiri unga wa ngano uliolowa unavyokorogwa ndivyo unavyonata na kuufanya mkate uwe mgumu kama mpira. Kwa maoni yangu ni afadhali kuyapasha maziwa moto kidogo katika sufuria ndogo, bila kuyachemsha, na kuikorogea siagi ya karanga humo hadi iyeyuke yote. Epueni na muache mchanganyiko huo upoe hadi uwe vuguvugu, kwa sababu maji ya moto huiamsha bekingi pauda yote kabla mkate haujaingia ndani ya oveni.

Fanyeni shimo katikati ya unga, mimineni maziwa yenye karanga, kisha changanyeni kwa mwiko kwa mizunguko michache tu. Mara unga mkavu unapotoweka, acheni. Wale mliozoea mkate wa kumimina mtaona kwamba rojo hili ni zito zaidi na halina ulaini ule mliouzoea, nayo ndiyo hali tunayoitaka. Lisikae kusubiri. Limimineni katika chombo mara moja, lisawazisheni juu kwa mgongo wa kijiko, na mlitie ndani ya oveni.

Mkate utakaa humo kwa takriban saa moja. Usifunguliwe katika nusu saa ya kwanza, la sivyo katikati patadidimia. Baada ya dakika 50 chomeni kijiti katikati, na kikitoka kikavu, mkate umeiva. Iwapo juu panaungua mapema, pafunikeni kwa karatasi ya foili.

Asiye na oveni atandaze mchanga mkavu katika sufuria kubwa nzito, aipashe moto kwa robo saa, aweke chombo chake juu ya mchanga, afunike, kisha apalie makaa juu ya mfuniko. Makaa ya chini yawe machache kuliko ya juu, kwa kuwa sukari na karanga huungua upesi upande wa chini, na muda wa kuiva ukaguliwe kwa kijiti badala ya saa.

Mkiutoa, uacheni katika chombo kwa dakika 10, kisha mpitishe kisu pembeni na kuupindua juu ya waya wa kupozea. Ninajua harufu yake inavyoshawishi, ila mkikata ungali moto utamomonyoka wote. Kabla ya kumkaribisha mgeni, mwulizeni kama ana mzio wa karanga, kwani kwa mwenye mzio hata kipande kidogo ni hatari. Uliobaki ufungeni kwa kitambaa safi ndani ya chombo chenye mfuniko, na asubuhi ya pili mbanike vipande kwenye kikaango kikavu hadi kingo ziwe kahawia, mle kwa chai ya maziwa isiyo na sukari nyingi.