Sukari guru kwenye glasi: kuonja bia nyeusi ya Kibelgiji iliyokaa miaka kumi

Haya jamani tuanze. Sambusa zipo pale mezani lakini naomba msiziguse kwanza, sio uchoyo, ni kwamba pilipili ikishakaa ulimini hutasikia kitu kingine, nitawaruhusu baadae. Wazee shikamooni. Na mliokuja na magari, kabla sijasahau, hapa Ubelgiji mwisho ni gramu 0.5 ya kilevi kwenye lita ya damu, na hizi chupa tatu za Chimay ya bluu mnazoziona sio bia za kukata kiu, ni asilimia 9 hizi, mara mbili ya zile tulizozoea nyumbani, kwaiyo ufunguo mpe mwenzio sasa hivi, usisubiri mpaka uanze kujiona uko sawa. Mzee wetu wa Unguja pale nyuma hanywi, amekuja kwa stori tu, na ndo katupikia kahawa. Asante sana mzee.

Mimi ni mtoto wa Marangu, na nalisema hilo kwa sababu kwetu bia ni mbege, ndizi na ulezi, na mbege haimsubiri mtu. Bibi yangu alikuwa anapika, leo ni tamu, kesho imekuwa kali, keshokutwa utajuana nayo mwenyewe. Ndo akili niliyokuja nayo hapa Antwerp. Wiki ya kwanza kazini, kwenye ghala la vinywaji, nkatumwa chini nilete kreti, nkakuta chupa zimejaa vumbi, naangalia lebo ni ya miaka saba nyuma, mimi kwa uaminifu wangu wote nkazibeba zote nkazipanga pembeni ya pipa la takataka. Bosi alivyoziona nusura azimie. Yani nilikuwa natupa mali kuliko mshahara wangu wa mwezi.

Sasa swali ni lile lile nililomuuliza siku ile, bia inakaaje miaka kumi isichache? Cha kwanza ni kilevi chenyewe, ukifika 9, 10, kuna nyingine ya hapa hapa, Rochefort 10, inafika 11.3, vijidudu vingi vinavyochachusha vinashindwa kuishi mle. Alafu hii bia haijafa. Wakati wanaijaza kwenye chupa wanaweka na hamira kidogo na sukari kidogo, wanafunga, hamira inaamka inakula ile sukari, gesi inatengenezeka humo humo ndani, na oksijeni iliyobaki hamira inaimeza. Adui wa bia ni oksijeni. Mbege na yenyewe ina hamira hai, ila inakaa wazi kwenye pipa, kilevi chake kidogo, na bakteria wamejaa tele, kwaiyo lazima ikimbie. Hii imefungiwa ndani na mlinzi wake.

Sasa rangi, hapa ndo napapenda. Tukisema bia nyeusi kila mtu anawaza Guinness, na Guinness weusi wake unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa, karibu kama buni ya kahawa ya mzee wetu pale. Hizi za Kibelgiji ni kitu kingine. Angalieni kwenye taa, unaona wekundu kwa mbali? Ule wekundu kwa sehemu kubwa ni sukari.

Niliwahi kupelekwa kwenye kozi fupi ya kuonja, tumekaa kumi na mbili, mwalimu anapitisha glasi anauliza mnasikia nini. Huyu anasema plamu kavu, yule anasema tini, mwingine mkate wa tangawizi wa Krismasi, wote wanatikisa vichwa kama wako kanisani. Mimi tini sijawahi kuila maisha yangu yote, wakati ule hata nikiiona siijui. Zamu yangu ikafika nkawa sina la kusema zaidi ya ukweli, nkasema nasikia sukari guru. Kimya. Nikaanza kueleza kwa Kiholanzi changu kibovu, maji ya miwa unayachemsha kwenye sufuria kubwa, yanapungua, yanakuwa mazito, yanageuka kahawia, ukichelewa kuepua yanashika moto kwa chini na hapo yanakuwa matamu na machungu kwa pamoja. Mwalimu akaweka glasi chini akasema, wewe hujataja tunda, umetaja kilichowekwa humo ndani. Kumbe watengenezaji wengi wa bia za aina hii wanamimina kwenye sufuria sharubati ya sukari iliyopikwa mpaka ikaungua, hapa wanatumia sukari ya viazisukari badala ya miwa, lakini kupika ni kule kule. Na sukari inafanya kazi ya pili, hamira inaila karibu yote ikageuka kilevi, kwaiyo bia inakuwa kali bila kuwa nzito kama uji. Wale wa plamu na tini walikuwa sahihi pia, sisemi walikosea. Ila tangu siku ile sijaazima tena ulimi wa mtu, na nyie leo msiniambie plamu kama plamu hamuijui.

Historia nitaipitia haraka maana povu halisubiri. Bia hizi nyingi zina mizizi kwenye abasia, yani nyumba za watawa, wamonaki Watrapisti, hawa wanaishi kwa kazi ya mikono yao. Chimay inatoka abasia ya Scourmont, kule kusini karibu na mpaka wa Ufaransa, na hii ya bluu tunayoifungua leo ilianza kama bia ya Krismasi. Westvleteren ndo ile maarufu ambayo kwa miaka mingi chupa haikuwa na lebo, uliijua kwa kifuniko tu, cha njano ndo namba 12. Alafu 1919 serikali ya hapa ikapitisha sheria ya Vandervelde, marufuku kuuza pombe kali za kupima kwenye mabaa, na ukitaka kwa nyumbani ununue kuanzia lita mbili, mtu wa kipato cha chini atazitoa wapi hela za lita mbili kwa mpigo? Wengi hapa wanaamini ndo maana watengenezaji wakazidi kukoleza bia, mnywaji apate joto lake bila jenever, ile pombe kali ya huku. Neno Quadrupel mnaloliona kwenye lebo nyingi za bia kali nyeusi kama hizi sio la Wabelgiji hata, ni La Trappe ya Uholanzi walilitumia 1991, kwenye abasia ya Koningshoeven pale Tilburg.

Na hapa watu wa Kivu na wa Kenya tegeni sikio. Scourmont hao hao wa Chimay ndo walioanzisha monasteri ya Mokoto, Kivu ya Kaskazini, 1954. Mama wa Goma naona unatikisa kichwa, unaijua. Na Koningshoeven wa La Trappe 1956 wakaanzisha nyumba Kipkelion, Kenya, wamonaki wakakaa pale mpaka vurugu za baada ya uchaguzi, 2008 wakahamia Uganda. Kwaiyo kuna watu kijijini kwao walikuwa majirani wa familia hii ya wamonaki miaka nenda rudi na hii bia hawajawahi kuiona.

Basi tuje mezani. Chupa tatu, bia ile ile, Chimay ya bluu, hizi kubwa zinaandikwa mwaka, moja ya 2023, moja 2018, moja 2013. Nimezitoa kwenye friji saa moja iliyopita makusudi. Bia hii ikiwa ya baridi kali kama tunavyopenda nyumbani inakuwa bubu, utasikia ubaridi na utamu basi. Iache ifike digrii 12 hivi. Glasi iwe pana mdomo, ujaze nusu tu. Mimina taratibu umelaza glasi, na ukifika chini ya chupa simama, yale machicha ni hamira iliyolala, sio sumu, kuna watu wanayapenda, ila yatachafua tunachotafuta leo. Nusa kabla ya kunywa. Nusa mara mbili fupi, usivute kama mtu wa mafua. Ukinywa usimeze upesi, ipitishe ulimi wote.

Ya 2023. Hii ni kijana, ina kelele. Ndizi mbivu, ile iliyoanza madoadoa, na karafuu kwa nyuma, vyote viwili vinatoka kwenye hamira, hakuna mtu aliyeweka ndizi wala karafuu humu. Gesi inachoma, kilevi unakisikia puani, mwishoni pilipili manga. Tamu, lakini kila kitu kinaongea kwa wakati mmoja, ka kikao cha harusi.

Ya 2018. Mnaona mlivyonyamaza? Ndizi imeondoka, karafuu imebaki kwa mbali. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, umeshuka, na ile sukari guru sasa imekaa katikati, na tende, tende kavu zile za Ramadhani sio zile laini, na kitu kama ganda la mkate uliokauka. Kilevi kipo kile kile lakini hakichomi tena. Mimi kwangu hii ndo yenyewe, na nitalisema wazi ingawa watu wa kazini kwetu watanuna, miaka minne hadi sita hivi inatosha kwa bia hii.

Kwa sababu sasa onjeni ya 2013. Povu linakuja kidogo linapotea. Harufu ni nzuri mno, zabibu kavu, divai tamu za Ureno zile, ngozi ya kiti cha zamani, oksijeni kidogo kidogo kwa miaka kumi ndo imefanya hivyo. Ila ikifika mdomoni katikati pana shimo, si mnalisikia? Inaanza vizuri, inaisha vizuri, katikati hakuna mtu. Na mwishoni kuna chumvichumvi ya mchuzi wa soya, hiyo ni hamira imekufa na seli zake zimepasuka. Kidogo inapendeza, ikizidi ni supu. Bei yake mara tatu ya ile ya katikati, na nyingi ya hiyo hela unanunua maringo, unywe ukiwaambia watu ni ya 2013.

Na miaka peke yake haitoshi. Nilimpelekea mjomba wangu Dar chupa kama hizi, nikamwambia mjomba itunze, nikirudi tutakunywa. Akaitunza kweli, kwa heshima zote, juu ya kabati la sebuleni, chini ya bati, pembeni ya dirisha, ili wageni waione. Miezi kumi na nne. Nilivyoifungua, povu likaruka mpaka kwenye kitambaa cha meza, na nilivyoonja, katoni lililolowa mvua, na soya. Joto linakimbiza kila kitu, miaka kumi ya hapa chini ya ardhi ilipita kwa mwaka mmoja tena vibaya. Mjomba akanywa glasi nzima akasema ni nzuri sana mwanangu, maskini. Kosa ni langu, nilitakiwa nimwambie gizani, kwenye baridi, chupa isimame wima ili machicha yakae chini. Na bahati yake chupa ilikuwa ya rangi ya giza, ingekuwa nyeupe au ya kijani, mwanga ukiunguza hopsi inatoka harufu ya kicheche. Nasema mnyama jamani, msicheke.

Haya, sambusa sasa ruksa, ila jaribuni ile ya 2018 na kipande cha sambusa ya nyama, mafuta na ile sukari vinapatana ajabu. Jibini wanayoitengeneza kule kule Chimay nayo ipo kwenye sahani, wenye kuipenda.

Mama wa Goma ameinua mkono. Unasikia nini mama? Ukwaju? Kwenye ipi, ya 2013? Hapana mama, mimi hii nimeionja mara sita, saba, ukwaju sijausikia hata siku moja.

Ngoja. Nipeni glasi yangu ninuse tena.