Tazama Kichwa Uuone Mgongo

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wanafunzi mliojibanza nyuma, sogeeni mbele, picha nitakazoonyesha ni ndogo.

Nitaanza na kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni kwenye kazi hii ya kuwatazama watoto tumboni kwa ultrasound, nilimpima mama mwenye mimba ya wiki 21. Nilikuwa na orodha yangu kichwani: fuvu, moyo, mfuko wa chakula, figo, kibofu, mgongo, mikono na miguu. Nilipofika kwenye mfuko wa chakula nikaona duara jeusi la maji, safi kabisa, nikatia tiki. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, nikatia tiki. Nikamwandikia majibu, mama akaenda zake kwa furaha.

Mtoto alipozaliwa alishindwa kupumua. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kilikuwa na tundu, na mfuko wa chakula pamoja na matumbo vilikuwa vimepanda kifuani vikayabana mapafu. Daktari aliyenisimamia aliniita, akafungua picha zile zile nilizozipiga mwenyewe. Lile duara jeusi lilikuwa ubavuni mwa moyo, ndani ya picha moja, na moyo umesukumwa upande wa kulia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Mfuko wa chakula unakaa wapi?” Mimi nilikuwa nimejiuliza kama upo. Mahali pake sikupauliza.

Tangu siku hiyo nimefundisha jambo moja kuliko mengine yote: kasoro ya maumbile mara nyingi hujulikana kwa alama iliyo mbali na pale kasoro ilipo. Anayekodolea macho kiungo kimoja kimoja ataikosa.

Mashine yenyewe mnaijua. Inapeleka sauti isiyosikika, mitetemo milioni 2 hadi 5 hivi kwa sekunde kwa kipimo cha juu ya tumbo, kisha inasubiri mwangwi. Mfupa unarudisha mwangwi mkali, unaonekana mweupe. Maji hayarudishi kitu, yanaonekana meusi. Ian Donald na wenzake kule Glasgow walipochapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, zilikuwa mistari na vivuli. Ilipofika mwaka 1972 Stuart Campbell na wenzake waliripoti kumtambua mtoto asiye na fuvu akiwa na wiki 17 tu. Leo hali hiyo inaweza kuonekana tangu wiki ya 12. Mashine zimeendelea mno. Jicho bado linajifunza polepole, kwa kuona watoto wazima mamia na mamia, mpaka kisicho kawaida kikukere hata kabla hujajua jina lake.

Tuje kwenye mgongo wazi. Kidonda chenyewe kinaweza kuwa kidogo, na mtoto amelala chali, mgongo umegandamana na ukuta wa kizazi. Utahangaika. Lakini maji ya uti wa mgongo yanapovuja kule chini, ubongo wa nyuma huvutwa ushuke kuelekea tundu la shingoni, na mabadiliko yanajitokeza kichwani. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides, Campbell na wenzao walizieleza alama mbili wakazipa majina ya matunda. Ya kwanza ni limau: mifupa ya paji inabonyea kushoto na kulia, hivyo fuvu, likitazamwa kwa picha ya upana, linachongoka mbele. Ya pili ni ndizi: ubongo mdogo wa nyuma, ambao kwa kawaida unafanana na mipira miwili iliyoshikana, unajipinda kuzunguka shina la ubongo. Na lile bwawa dogo la maji nyuma yake, ambalo kwa kawaida lina kina cha milimita 2 hadi 10, linafutika.

Mkiniuliza ninaamini lipi, nitasema ndizi na bwawa. Limau unaweza kulikuta kwa mtoto asiye na tatizo lolote, na baada ya wiki 24 hivi hupotea hata kwa mwenye mgongo wazi. Bwawa likiwa limefutika, nitarudi mgongoni nikautazame pingili kwa pingili, hata kama mama itabidi ainuke, atembee kidogo, arudi kulala ubavu mwingine ili mtoto ageuke.

Hapa naomba wakunga wanisikilize zaidi. Mfereji wa neva, ule unaokua kuwa ubongo na uti wa mgongo na ambao usipofunga huacha mgongo wazi, hufunga kabla mwezi mmoja haujapita tangu mimba kutunga, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Vidonge vya foliki asidi, maikrogramu 400 kwa siku, vinatakiwa vianze kabla ya mimba. Akifika kwenye mashine yangu wiki ya 20, mimi ninaangalia tu kilichokwisha kutokea.

Maji ya uzazi nayo yanasema mengi. Kuanzia wiki ya 16 hivi sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto, na mtoto huyo huyo huyameza tena. Mzunguko huo ukikatika, kiasi cha maji hubadilika. Pima dimbwi lenye kina kuliko yote. Likiwa chini ya sentimita 2 na chupa haijapasuka, nenda kwenye figo na kibofu: huenda figo hazipo, au njia ya mkojo imeziba. Wakati huo huo yafikirie mapafu, kwa sababu yanahitaji maji ili yakue. Likizidi sentimita 8, jiulize kama mtoto anameza. Mfuko wa chakula usipoonekana, subiri nusu saa utazame tena, maana unaweza kuwa umejimwaga tu. Ukikosekana tena na tena huku maji yamejaa, shuku umio. Mtaona haraka kwamba umio wenyewe hatujautazama.

Moyo ndio unaotushinda wengi, na ndio wenye kasoro nyingi: karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na tatizo la moyo. Wanafunzi huridhika wakipata vyumba vinne. Vyumba vinne ni mlango tu. Moyo wa kawaida unachukua kama theluthi moja ya kifua na ncha yake imeelekea kushoto kwa nyuzi 45 hivi. Ukikuta umeegama sana au umehama, kuna kitu kimeusukuma au kuuvuta. Kisha panda kidogo utazame mishipa miwili mikubwa inavyotoka. Lazima ipishane kama njia panda. Ikienda sambamba, kila mmoja unatoka kwenye chumba ambacho ni cha mwenzake, na mtoto huyo ataanza kuishiwa oksijeni baada ya kuzaliwa. Vyumba vyake vinne vinaweza kuonekana vizuri mno. Akijulikana mapema, anazaliwa mahali penye wataalamu wa moyo wanaomsubiri. Asipojulikana, saa zake za kwanza zinapotea watu wakitafuta sababu.

Wakati nao una hila zake. Matumbo ya mtoto hutoka nje kidogo ndani ya kitovu kisha hurudi, kwa hiyo ukiyaona nje wiki ya 10 usimtishe mtu. Baada ya wiki ya 12 ndipo uulize. Kinyume chake, kuziba kwa mwanzo wa utumbo mwembamba, kunakoonyesha maduara mawili meusi tumboni, kwa kawaida hakujitokezi wiki ya 20. Kwa hiyo sisemi “mtoto hana tatizo lolote.” Nasema, “Nilivyovitazama leo viko sawa.”

Na si kila doa ni ugonjwa. Vifuko vidogo vya maji ndani ya ubongo, vikiwa peke yake na mengine yote yako sawa, hutoweka vyenyewe mimba ikiendelea. Palipo na shaka ya kweli kuhusu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, kipimo cha kutoa maji ya uzazi kinawezekana kuanzia wiki ya 15. Kina hatari ndogo ya kuharibu mimba, na uamuzi ni wa mama baada ya kuelezwa.

Mama aliyelala pale hasomi skrini, anausoma uso wako. Ukinyamaza ghafla amejua. Ukimwita mwenzako kwa kukonyeza amejua. Mimi humwambia mapema, kabla sijagusa tumbo: “Mama, kuna dakika nitakuwa kimya nikipima, nikimaliza nitakueleza yote.” Nikiona kitu, namfuta jeli, namsaidia kukaa, ndipo naongea. “Kuna sehemu ya moyo sijaridhika nayo. Nataka mwenzangu aitazame pamoja nami.” Namweleza ni kitu gani, ataonana na nani na lini. Na yale majina ya matunda yaishie huku darasani. Niliwahi kusikia mwanafunzi akisema “limau” juu ya tumbo la mama, na mama yule aliniuliza neno hilo mara tatu kabla ya kuondoka.

Sasa, mama mmoja mwenye mimba ya wiki 20 amekubali tumpime mbele yenu. Naomba taa zipunguzwe na minong'ono ikome. Hatutaanza na kichwa wala moyo. Tutaanza kwa kujua mtoto amelalaje, kichwa kiko chini au juu, mgongo uko upande gani, ili tujue kushoto kwake ni wapi, maana kushoto kwa skrini si lazima kuwe kushoto kwake. Kisha nitawaonyesha moyo na mfuko wa chakula, na mtaniambia kila kimoja kinakaa wapi.