Antivairasi Nayo Ni Programu

Wengine mmeshanisikia nikilisema hili mpaka mmechoka, nami nitalisema tena: antivairasi nayo ni programu. Imeandikwa na watu, ina makosa, na tunaipa madaraka ambayo programu nyingine hatuzipi.

Mwaka 2016, Tavis Ormandy wa Project Zero, kikosi cha usalama cha Google, alikuta kosa kwenye injini ya antivairasi za kampuni ya Symantec, ile ile iliyokuwa ndani ya Norton yao. Kazi ya injini ni kufungua mafaili yaliyobanwa ione yamebeba nini. Kwenye Windows, kazi hiyo ilikuwa ikifanyika ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Ndani ya kiini, jamani! Faili limetoka kwa mtu usiyemjua, linaenda kufumuliwa pale penye madaraka yote. Adui alihitaji kukutumia barua pepe tu. Hujaifungua, hujabofya kitu, pengine umelala zako. Antivairasi inakufungulia.

Sasa sikilizeni. Ormandy anawapelekea Symantec taarifa. Faili la mfano kalifungia kwenye zipu, yaani faili lililobanwa, kaweka nywila ile ambayo watu wa fani hii wote huitumia wakipeana sampuli za virusi. Baadaye wanamuuliza: kuna taarifa yako imetupita? Kwa dhana yake mwenyewe, seva yao ya barua iliibuni nywila, ikafungua zipu, ikakagua kilichomo, ikaanguka chali. Mnacheka! Ikabidi atume upya kwa nywila isiyobunika. Kampuni ya ulinzi imeangushwa na barua inayoieleza kwamba inaweza kuangushwa na barua.

Na asinyanyuke mtu kuniambia, "Mimi natumia ya Microsoft." Mei 2017 Ormandy na mwenzake Natalie Silvanovich walikuta kosa la jamii hiyo hiyo kwenye injini ya Defender. Microsoft walilirekebisha ndani ya siku chache, hapo nawavulia kofia. Lakini ubovu ulikuwa wa ujenzi: injini ilikagua mafaili ya watu baki huku yenyewe ina madaraka makubwa juu ya kompyuta. Sultani huweka mwonja chakula ili sumu ikimpata mwonjaji, yeye apone. Hapa mwonjaji na Sultani walikuwa na tumbo moja. Ni 2018 ndipo Microsoft walipoanza kuruhusu injini yao ifanye ukaguzi ikiwa imetengwa, bila madaraka yale.

"Kwa hiyo unatuambia tuziondoe?" Swali hili halikosi mwenyewe. Hapana! Kompyuta ya mhasibu inayochomekwa flashi ya kila mgeni iacheni na Defender yake, isasishwe, basi. Ninachokataa ni kurundika mbili tatu, tena zile zilizochakachuliwa. Mtu usiyemjua kaifumua programu, kaifunga upya, nawe unamkabidhi kompyuta nzima ukijisifu umeokoa hela ya leseni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka tufike kwa Avast, watengenezaji wengine wa antivairasi, ambao kampuni yao tanzu, Jumpshot, iliuza taarifa za tovuti walizopitia wateja hadi ikafungwa 2020. Na CrowdStrike, kampuni nyingine ya ulinzi wa kompyuta, Julai 19, 2024: sasisho moja bovu, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 chini, na mdukuzi hakuwepo. Kiini kile kile tena, someni wenyewe. Kaspersky, antivairasi ya Kirusi ambayo Marekani ilipiga marufuku isiuzwe kwao 2024, mnisamehe, humo mna siasa na tukiingia hatutoki leo. Haya, maswali. Wewe wa nyuma, uliyekuwa unatikisa kichwa tangu nilipoitaja Norton.